Mwinjilisti Aliyesoma Jina Langu

Mwinjilisti wetu alikuwa hajui kuhubiri, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema. Mchungaji alifika Maramba mara moja kwa mwezi, kwa kuwa alikuwa na mitaa mingine mingi ya kuzungukia, na Jumapili zilizobaki mimbari ilikuwa ya Mwinjilisti. Alipanda, akashika kingo zake kwa mikono yote miwili kama mtu aliyesimama nyuma ya lori, akasema kwa dakika kumi au kumi na mbili kwa sauti ileile moja, akashuka. Wageni waliotoka Tanga mjini walitazamana, hawajui kama mahubiri yamekwisha au ameshuka kunywa maji.

Alhamisi alikuwa mtu mwingine. Siku hiyo jumuiya ilikutana nyumba kwa nyumba, asubuhi kabla watu hawajaenda shamba, na huko hakukuwa na mimbari ya kumtisha. Aliketi kwenye kigoda au kwenye mkeka, akasoma fungu polepole, akafunga Biblia huku kidole kimebaki ndani, kisha akauliza swali. Maswali yake yalikuwa madogo, ya mtu anayeuliza habari za nyumbani. Siku moja kwetu alisoma habari za Yesu kuwatokea wanafunzi kando ya ziwa baada ya kufufuka, akiwa na makaa na samaki juu yake. Akafunga kitabu, akatutazama.

"Kapika nani?"

Tukasema kapika Yesu.

"Na hao anaowapikia ni akina nani?"

Mtu akasema ni wanafunzi.

"Ni watu waliomkimbia," akasema Mwinjilisti. "Kafufuka, ana kazi ya dunia nzima, na bado kaamka kuwasha moto apikie watu waliomkimbia. Hakuanza kwa kuwauliza walikuwa wapi siku ile."

Mama yangu alikuwa pembeni anamenya muhogo. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi ningewauliza."

Watu wakacheka, na Mwinjilisti akacheka zaidi ya wote. "Na mimi ningewauliza, mama. Tena kwa ukali. Ndiyo maana hatukupewa sisi kazi ile."

Hivyo ndivyo alivyotulea. Sikumbuki hata hubiri lake moja la Jumapili, lakini maswali ya Alhamisi ninayo mpaka leo. Aliposoma habari za wale watu wanne waliotoboa dari ili wamshushe mgonjwa wao, alifunga kitabu, akauliza dari ile ilizibwa na nani. Tulikuwa nyumbani kwa bibi mmoja mjane, na makuti ya nyumba yake yalikuwa yameoza kiasi kwamba ukikaa ndani unaona mawingu. Kesho yake, mwanga haujakolea, Mwinjilisti alifika kwa yule bibi na baiskeli imebebeshwa makuti mapya hadi haionekani. Hakuwa amemwambia mtu. Sisi tuliona paa limekamilika, na yeye amevimba vidole kwa siku kadhaa.

Baiskeli ile aliipanda sehemu tambarare tu. Mlimani aliisukuma kama watu wote, na mteremkoni pia aliisukuma, maana breki hakuziamini. Alikuwa muoga wa mambo mengi kwa mtu aliyekuwa akituambia tusiogope. Aliogopa mbwa. Alipenda mpira kupindukia, lakini timu yake ikipigiwa penalti alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba mpaka aitwe. Alikuwa haimbi vizuri na aliimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima, na mwalimu wa kwaya alipomwomba kwa adabu apunguze, alipunguza wiki moja. Watu wanaochelewa ibada aliwachukia waziwazi. Alikata kusoma katikati ya neno, akamsindikiza mchelewaji kwa macho mpaka aketi, ndipo akamalizia neno lenyewe.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mwenye duka wa pale stendi, Mdigo, mtu wa swala tano. Mwinjilisti alikuwa na tabia ya kuchana karatasi za kalenda za miezi iliyopita na kuandika nyuma yake kitabu na sura, bila maneno, akampa mtu anayekutana naye njiani. Ukitaka kujua amekupa nini, sharti uende ukafungue mwenyewe. Mwenye duka naye alikuwa akidai yake.

"Leo umeniletea nini, Mwinjilisti?"

"Leo nimekuletea Yusufu."

"Yusufu namjua. Niletee nisiyemjua."

Wakaketi wawili wakabishana habari za Yusufu, kila mmoja na vile alivyofundishwa, mpaka wateja wakajipimia sukari wenyewe. Mwezi wa Ramadhani Mwinjilisti hakunywa maji barabarani hata jua liwe kali namna gani. Alijificha nyuma ya kanisa, akanywa, akafuta mdomo. Mwenye duka alipofiwa na mama yake, Mwinjilisti alikwenda mazikoni na akakaa matanga siku zote tatu, akichota maji na kupasua kuni.

Kuna uoga wake mmoja ambao haukuwa wa kuchekesha. Alikuwa anawaogopa wakubwa. Mtu aliyekuwa huru kabisa kwenye mkeka wetu, akifika mbele ya mchungaji na baraza la wazee wa kanisa alikuwa mdogo, kofia mkononi, "ndiyo baba, ndiyo mzee." Nilikuwa nimeliona hilo tangu utoto wangu, lakini sikujua lingekuja kunigusa.

Nilipata mimba nikiwa na miaka kumi na tisa, nikiwa mwanakwaya. Mwenzangu alikuwa kijana wa mmoja wa wazee wa kanisa, mzee ambaye trekta lake ndilo lililolima mashamba ya nusu ya waumini. Mama yangu aliniuliza nikamwambia, na mama akamwambia Mwinjilisti kwa faragha, akimwomba ushauri. Kwa hiyo Mwinjilisti alijua. Alhamisi iliyofuata jumuiya ilikuwa nyumbani kwa jirani, na alisoma habari za yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu kwa kosa la uzinzi. Akafunga kitabu, kidole ndani.

"Walisema wamemkuta katika tendo lenyewe," akasema. "Sasa yule mwanamume yuko wapi?"

Mama alinishika goti. Nilirudi nyumbani nikiwa na amani ambayo sikuwa nimeipata kwa wiki nyingi.

Jumapili, baada ya matangazo ya mchango na ya harusi, Mwinjilisti alifungua karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisoma jina langu na la baba yangu, na kwamba kwa uamuzi wa baraza la wazee nimetengwa na Meza ya Bwana mpaka nitakapotubu mbele ya usharika. Kijana hakutajwa. Alikuwa amekaa safu ya tatu karibu na baba yake, na alinitazama kidogo kisha akatazama viatu. Mwinjilisti hakuniangalia. Mikono ilikuwa kwenye kingo za mimbari.

Kwa desturi yetu, aliyetengwa huketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Mimi sikwenda kuketi huko. Nilitoka, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa Makorora, Tanga mjini, kwa mama mdogo, aliyekuwa fundi cherehani. Alinipokea bila maswali, akanikalisha kwenye mashine ya pili. Kazi nikaipenda, na binti yangu alizaliwa nikiwa tayari najua kukata sketi ya shule.

Mtoto alikuwa na miezi mitatu Mwinjilisti alipobisha hodi. Alikuwa amekuja Tanga kwenye mkutano wa wainjilisti. Alisimama mlangoni na kikapu cha machungwa, jasho linamtoka.

"Shikamoo, Mwinjilisti," nikasema, kwa kuwa nililelewa.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona mtoto."

Nikampa mtoto akampakata. Alimwombea kwa maneno machache, akamrudisha, akanywa maji, akaaga. Habari ya Jumapili ile hakuitaja. Alipokuwa anatoka alinipa karatasi ya kalenda, nyuma imeandikwa Mwanzo, sura ya kumi na sita.

Nilifungua usiku huohuo. Ni habari za Hajiri, mjakazi aliyekimbilia jangwani na mimba yake. Nikafika mstari wa tisa, malaika anamwambia arudi kwa bibi yake akanyenyekee chini yake. Nikafunga Biblia. Miezi mitatu mizima nilikuwa nafanya kazi na hasira ile, naikanyaga pamoja na pedali ya cherehani. Aliporudi kwa mkutano mwingine sikusubiri anywe maji.

"Mwinjilisti, umeniandikia nirudi Maramba nikanyenyekee?"

Alishangaa kweli. "Nani kakwambia hivyo?"

"Karatasi yako. Mstari wa tisa."

Akakaa chini. "Mimi nilikuwa na mstari wa kumi na tatu," akasema. "Pale Hajiri anampa Mungu jina. Mungu anayeniona. Katika Biblia nzima mpaka hapo hakuna mtu aliyekuwa amempa Mungu jina, akaja yule mwanamke aliyefukuzwa."

"Mimi niliishia wa tisa."

"Basi nilipaswa kuandika mstari," akasema.

Tangu siku ile karatasi zote alizonipa zilikuwa na namba ya mstari, tena ameipigia duara. Alikuja kila alipokuwa na safari ya mjini, mara nne kwa mwaka, mara tano, kwa miaka tisa. Alileta machungwa, wakati wa mvua alileta mahindi mabichi. Binti yangu alimzoea akawa anampanda magotini. Lakini kati yetu kulikuwa na kitu kimekaa, na hakuna aliyekuwa anakisogeza. Mtoto alikuwa hajabatizwa, kwa sababu ili abatizwe ilinipasa kwanza nisimame mbele ya watu nitubu ndipo nirudishwe kundini. Nilisema sitasimama. Mwinjilisti alinibembeleza mara moja.

"Ni dakika tano tu, mwanangu."

"Kama yule mwenzangu angekuja tukasimama wawili, ningesimama," nikamwambia. "Yeye anaimba besi huko kwenu. Wewe unajua."

"Najua," akasema. Hakunibembeleza tena.

Mama yangu alifariki mwaka wa tisa, kwa shinikizo la damu, ghafla, akiwa shambani. Tulimzika Ijumaa. Mwenye duka alifunga duka akaja, na Mwinjilisti aliongoza ibada ya maziko vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, kwa sababu hakuhubiri. Alisimulia tu jinsi mama alivyomjibu siku ile ya samaki, na watu wakacheka wakilia. Jumapili tulikwenda kanisani wote, kama ilivyo desturi ya wafiwa. Mimi nilikaa katikati na ndugu zangu, binti yangu pembeni.

Baada ya matangazo Mwinjilisti hakushuka. Alikuwa hana karatasi.

"Miaka tisa iliyopita nilisoma jina hapa," akasema. "Nilisoma jina moja. Kosa lile halikufanywa na mtu mmoja, na mimi nililijua hilo kabla ya kusoma. Alhamisi nilikuwa nimelifundisha kwa mdomo wangu. Jumapili nikaogopa watu. Jina la pili silitaji hata leo, kwa kuwa kutajana ndiko kulikotufikisha hapa. Anayetubu leo ni mimi."

Akashuka. Alipita katikati ya kanisa, viatu vyake vinasikika kwenye saruji, mpaka benchi la mwisho karibu na mlango, akaketi. Mbele hakukuwa na mtu. Hakuna aliyejua ibada imalizwe na nani. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu, watoto wakaanza kuuliza maswali, mpaka bibi mmoja wa safu ya akina mama akaanzisha wimbo na watu wakaudaka, wakatoka wakiimba bila kubarikiwa.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Watu waliotoka kanisani walinitazama mimi, si yeye, na wale ambao walikuwa wamekwisha sahau walikumbushwa. Binti yangu aliniuliza njiani, "Mama, jina lililosomwa lilikuwa la nani?" Alikuwa anakaribia miaka tisa, na hivyo ndivyo alivyoijua habari ile. Jioni Mwinjilisti alikuja nyumbani kwetu, nikatoka nje nikamkuta chini ya mwanga wa taa ya baraza.

"Ungeniuliza kwanza," nikamwambia. "Nimemzika mama juzi. Ungeniuliza."

Nilimwona akitafuta fungu la kumsaidia, akalikosa au akaliacha.

"Ni kweli," akasema. "Sikukuuliza. Hilo nalo ni langu."

Alipewa adhabu. Baraza lilisema amevuruga ibada na kuwaaibisha wazee, akasimamishwa utumishi kwa miezi sita. Yule mzee wa trekta alihamia mtaa mwingine na jamaa zake wote, na sadaka ya Maramba ikashuka vibaya. Mwenye duka aliniambia kwamba miezi ile sita Mwinjilisti aliketi kila Jumapili kwenye benchi la mwisho, anaimba vibaya kwa sauti kubwa, na Alhamisi hakuruhusiwa kufundisha lakini hakuna aliyemzuia kuuliza maswali. Walimrudisha kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuchukua kazi ile.

Hasira yangu iliisha polepole, bila siku maalumu. Mwaka uliofuata binti yangu alibatizwa kanisani kwetu mjini. Mchungaji wa pale, mtu wa umri wangu, aliniuliza jina la mtoto na majina ya wasimamizi, basi. Mwinjilisti alikuja amevaa koti licha ya joto. Baada ya ibada alikula pilau sahani mbili, akamfundisha binti yangu kumenya chungwa ganda lisikatike, akapanda gari la kurudi Muheza ili aunganishe kwenda kwake. Kuhusu Jumapili zile mbili, ya kwanza na ya pili, hatukuzungumza tena. Kila mmoja alifikiri mwenzake amekwisha elewa.

Miaka imepita. Binti yangu sasa ni muuguzi. Mwinjilisti alistaafu, mkewe akatangulia, na mwaka juzi akapigwa kiharusi. Nilikuwa nikipata habari zake kwa simu kutoka kwa binti yake wa mwisho anayekaa naye nje kidogo ya Maramba, lakini kazi za sare za shule hazina mwisho, na safari nikawa naiahirisha. Wiki moja baada ya Pasaka ya mwaka huu nilifunga kibanda changu cha kushonea nikaenda. Nilikuwa nimemshonea shati jeupe la vifungo vikubwa, ambavyo mkono mmoja unaweza kuvifunga.

Binti yake alinipokea uani, akaniambia kwa sauti ya chini kabla sijaingia, "Dada, majina yamemtoka. Sura siku nyingine anazishika, siku nyingine hapana. Usiumie."

Nikamwuliza, "Na Biblia?"

"Hiyo haijamtoka hata mstari."

Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini, amekonda. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba kwa sauti ileile moja.

"Umetoka wapi, mama?"

"Tanga mjini. Makorora."

"Mbali," akasema. "Umetumwa na usharika?"

Nikasema nimekuja mwenyewe kumtazama. Alilipapasa shati, akalisifu kushonwa, hakuuliza limeshonwa na nani. Kisha akanielekeza Biblia iliyokuwa mezani nimsomee, kwa kuwa macho nayo yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Nikamwuliza nisome wapi. Akasema popote, maana sura zote ni nzuri ila zile za hesabu ya makabila. Nikafungua Zaburi nikaanza kusoma, naye midomo ikawa inakwenda mbele yangu kidogo, kila mstari akiufikia kabla yangu. Katikati aliinua mkono wake mzima nikanyamaza.

"Kuna mtu nilimkosea," akasema. "Binti. Jina silikumbuki. Namwombea kila asubuhi, lakini naona aibu kumwomba Mungu kwa ajili ya mtu nisiyeweza kumtaja."

Kwa ndani nilimsikia binti yake akichambua mchele.

"Mungu anamjua," nikasema.

"Hilo najua. Nataka kujua kama yeye alinisamehe."

"Alikusamehe."

Aligeuka akajaribu kuniona vizuri. "Wewe umejuaje?"

"Namfahamu. Ameniambia mwenyewe."

"Mimi nilimwomba?"

"Ulimwomba. Mbele ya watu wote."

Hilo halikumtuliza. Aliendelea kunielekezea uso, na mkono wake ukawa unakunja na kukunjua pindo la blanketi.

"Nilimwuliza kwanza?" akasema.

Nimemwambia mtu yule ukweli maisha yangu yote, hata ule uliomwumiza. Nilikuwa na Biblia yake imefunguka mapajani, kidole changu kwenye mstari.

"Ulimwuliza," nikasema. "Akakubali."

Mkono ukatulia. Akashusha pumzi, akaegemea kiti, akafumba macho.

"Basi endelea," akasema. "Tulikuwa wa saba."

Nikaendelea kutoka wa saba.